Barua ya wazi: mafaili ya soka la Dodoma yatafutwe sasa

Kwa: Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, Mwenyekiti na Katibu wa Chama cha Soka Mkoa wa Dodoma (DOREFA), Msajili wa Vyama vya Michezo, Baraza la Michezo la Taifa.

YAH: KUMBUKUMBU ZA KLABU ZA MTAANI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua meza zenu zimejaa barua, kwa hiyo ombi langu naliweka mwanzoni. Apatikane mtu mmoja, apewe chumba chenye kabati la chuma linalofungwa, kompyuta na skana, halafu atumwe mitaani kukusanya historia ya klabu za mpira za Dodoma: madaftari, picha, leseni za wachezaji, barua, mihuri, na maneno ya wazee walio hai. Si kazi ya mabilioni. Sidhani hata kama inafikia gharama ya kukarabati choo kimoja cha uwanja, na vyoo vya viwanja vyetu tunavijua.

Ninaandika nikiwa mwanachama wa klabu ya mpira wa ridhaa ya Chang'ombe, hapa mjini. Jina lake silitaji, na wala si kwa woga. Hivi sasa klabu ina pande mbili, kila upande unadai wao ndio wenye timu, na jina lenyewe limeingia kwenye ugomvi: upande mmoja unalitaja na neno moja mbele, mwingine unalitaja bila neno hilo. Nikiliandika kwa namna yoyote ile nitakuwa nimeshatoa hukumu, na jioni nitatakiwa kujieleza kijiweni.

Upande wa kwanza unasema timu ilianza kama chandimu, watoto wa vibarua wa stesheni na wapagazi wa soko la Majengo wakicheza kwenye uwazi ambao leo una nyumba za kupanga. Kwao historia inahesabiwa tangu siku hiyo. Upande wa pili unasema timu huanza inapoandikishwa. Kabla ya hapo ni watoto tu wanaotimua vumbi. Wa kwanza wanawaita wenzao "watu wa makaratasi". Wa pili wanawaita wa kwanza "watu wa hadithi". Ukikaa ukawasikiliza, kila upande una hoja, na kila upande ungeweza kunyamazishwa na karatasi moja yenye tarehe. Karatasi hiyo hakuna.

Msidhani ni ubishi wa kahawa na kashata. Mwenye haki ya uanzilishi ndiye anayeitisha mkutano mkuu kwa mujibu wa katiba, ndiye anayeshika mhuri, na ndiye anayezungumza na mfadhili akija na jezi. Mfadhili wa mwisho alikuja na jezi seti moja. Aliposikia kuna makatibu wawili, alirudi nazo.

Basi niwaeleze ushahidi tulionao, ili mwone klabu ya mtaani inavyotunza historia yake.

Kuna picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Wachezaji kumi na mmoja, sita wamesimama, watano wamechuchumaa, mpira wa kufungwa kwa kamba uko katikati. Jezi zina kola, zimeshonwa na fundi wa hapa hapa, maana mistari ya begani haikutani. Wawili wana daluga, watatu wana raba, waliobaki wako peku. Kipa amevaa sweta. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu ya wino: "Tulishinda 2–1. Ile penalti haikuwa halali." Basi. Hakuandika walimshinda nani, wala mwaka, wala kama penalti hiyo tulipiga sisi au tulipigiwa. Ila uchungu wake kuhusu penalti umedumu kuliko majina ya wachezaji.

Kuna karatasi ya orodha ya wachezaji yenye mhuri wa FAT, chama cha soka cha taifa cha wakati huo. Hapo tulifurahi, kwa sababu FAT iligeuka kuwa TFF mwaka 2004, kwa hiyo karatasi ni ya kabla ya hapo. Furaha ikaisha mzee mmoja alipotukumbusha kwamba mabadiliko ya Dar es Salaam huchukua muda kufika wilayani. "Mwanangu, mhuri wa zamani haufi siku jina jipya linapozaliwa. Unabaki kwenye droo unaendelea kugonga." Hatukuwa na la kumjibu.

Na kuna kaunta buku. Hii ndiyo mali yetu kubwa, na kama mtakayemtuma hatakusanya kitu kingine chochote, akusanye kaunta buku za makatibu. Ya kwetu ina jalada jekundu lililofubaa, mgongo umegandishwa kwa plasta ya hospitali. Mchwa wamekula kona ya chini kuanzia mwanzo hadi kama katikati, na mtoto wa katibu wa zamani alifanyia hesabu za kugawanya kurasa kadhaa (alikuwa akikosa sana). Iliyobaki inasomeka. Kuna michango ya wanachama, shilingi mia mbili mbili, na mbele ya jina la kila asiyelipa pameandikwa "kesho". Kuna "nauli kwenda Kondoa", "limau na glukosi", "fundi mpira umetoboka", "fulani anadaiwa soksi jozi moja". Kuna mstari unaorudi kabla ya kila mechi kubwa: "K/Ufundi 5,000", yaani kamati ya ufundi. Hakuna maelezo, hakuna risiti (mganga hatoi), hakuna sahihi. Wasomaji wa barua hii wanaojua soka la mchangani watanielewa; wasiojua wawaulize wenzao. Ninachoona mimi ni kwamba matumizi ya kamati hiyo yalikuwa yakipanda kila msimu, ilhali nafasi yetu kwenye ligi ya wilaya ilikuwa ikishuka.

Orodha za timu nazo zimo, lakini kwa majina ya utani tu. Hivyo tunajua kwa hakika kwamba siku fulani Mbuyu alikaa golini, Kisiki na Tingatinga wakacheza beki wa kati, Mwalimu akavaa namba sita na Chapati akawa winga. Chapati yuko hai, namshukuru Mungu, na anauza vocha karibu na kwangu. Wengine ni majina tu. Mjukuu wa Kisiki huenda anapita hapa kila siku na hajui.

Sasa, Waheshimiwa, nije kwenu.

Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967. Chini yake klabu ya michezo inapaswa kuandikishwa kwa Msajili, iwe na katiba na iwe na viongozi wanaojulikana. Maana yake, kila klabu ya mtaani iliyofuata utaratibu ilipaswa kuacha alama mahali kadhaa: kwa katibu wake, kwa chama cha wilaya, kwa afisa michezo na kwa Msajili. Kaunta buku ikiliwa na mchwa, nakala zilipaswa kubaki kwenu.

Niliwahi kuulizia faili letu katika ofisi moja, sitaitaja. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti. Dada aliyenihudumia alifungua kabati, akatoa mafaili ya miaka ya karibuni, akapekua moja moja kwa subira ambayo sikuitegemea. Kisha akasema ya zamani yalibaki "kule tulikotoka". Nikauliza ni wapi. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na kila mmoja alikuwa na "kule" yake: mmoja ofisi ya kabla ya ukarabati, mwingine jengo la mamlaka ambayo haipo tena, wa tatu stoo iliyokabidhiwa kwa watu wengine. Hakuna aliyekuwa akinidanganya. Kila mmoja alikuta kabati tupu siku alipoanza kazi.

Na hiyo ndiyo Dodoma. Huu ni mji wa ofisi zinazohama. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na utawala wa Wajerumani ukaondoka muda si mrefu baadaye. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, na halmashauri za miji zikaja kurudishwa mwishoni mwa muongo huo. Mwaka 1973 ilipitishwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoizoea kama CDA. Ikakaa zaidi ya miaka 40, ikapima viwanja, ikagombana na watu kuhusu viwanja, hadi Mei 2017 ilipovunjwa na shughuli zake zikakabidhiwa Manispaa. Manispaa nayo ikawa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Katikati ya hayo Bunge limehamia hapa, na kuanzia 2016 Serikali yenyewe imehamia hapa, wizara zikapanga kwanza chuo kikuu kisha zikaenda Mtumba. Kila kuhama kuna lori, na kila lori lina boksi linaloachwa nyuma kwa sababu hakuna anayejua lina nini. Mafaili ya ardhi hayaachwi, watu watashtakiana. Faili la timu ya mpira ndilo linaloachwa.

Inachekesha kidogo, ukifikiri. Mji ambao umekusanya mafaili ya nchi nzima, mpaka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo chake humu humu, hauna faili la mpira wake wenyewe.

Ndugu Mkurugenzi, hapa nakusemesha wewe hasa. Watu wa rika la baba yangu bado wakikaa wanazitaja CDA na Waziri Mkuu, timu za Dodoma zilizobeba majina ya ofisi. Haikuwa ajabu, ndivyo soka la nchi hii lilivyokuwa likiendeshwa. Pamba ya Mwanza ilitokana na mamlaka ya pamba. Reli ya Morogoro ilikuwa timu ya shirika la reli, na ikapewa jina la Kiboko ya Vigogo kwa namna ilivyokuwa ikiwasumbua wakubwa wa Dar es Salaam. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Asubuhi anasukuma toroli la mafaili au anakaza nati, saa tisa anaruhusiwa kwenda mazoezini. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa na kupunguza watu miaka ya 1990, timu zikakosa mshahara, nyingine zikafa kabisa. Hizo za kwetu zilitoweka mdomoni mwa vijana, zikabaki kwa wazee.

Lakini tazama walichofanya Mwanza. Halmashauri ya Jiji lao ilipoamua kuwa na timu, haikutupa jina. Imerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji. Mzee aliyeshangilia Pamba akiwa kijana anaweza kumshika mjukuu wake mkono, wakaenda uwanjani, na wote wawili wakawa wanashangilia timu moja. Sisi tuna Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na tunaipenda. Nimekaa Uwanja wa Jamhuri na jua la saa kumi likinichoma shingo nikiwashangilia Walima Zabibu, na nitaendelea. Siombi jina libadilishwe. Ninachosema ni kwamba kijana anayevaa jezi ile anaweza kudhani Dodoma ilianza kucheza mpira mkubwa juzi. Hajui kwamba Polisi Dodoma walikuwa Ligi Kuu msimu wa 2007/08, na walicheza hapo hapo Jamhuri. Hao ni wa juzi tu, wachezaji wao wako hai na wengine wana watoto sekondari. Kama wao wameshaanza kusahaulika, unategemea nini kwa CDA?

Mafaili ya CDA yalikuja kwenu pamoja na viwanja. Naomba, kabla hamjayafunga yote kama mafaili ya ardhi, mtu apekue yale ya utumishi na ustawi wa wafanyakazi. Shirika lililokuwa na timu lililazimika kuinunulia jezi, na jezi hununuliwa kwa hati ya malipo, na hati ina tarehe.

Kuna watakaosema historia hailishi timu. Nawaomba watazame jirani zetu wa Singida kwanza. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, nchi nzima ikaimba alizeti, baada ya misimu michache ikashuka. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, ambayo kabla ya hapo ilikuwa DTB. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 hiyo ikaenda Babati ikawa Fountain Gate, na Ihefu, waliokuwa Mbarali kule Mbeya, wakaletwa Singida wakawa Singida Black Stars. Uwanja nao uliokuwa Namfua sasa unaitwa Liti. Sisemi kuna sheria iliyovunjwa, na mpira mzuri umechezwa pale. Lakini ile siku ya Novemba 2022 Ihefu walipowafunga Yanga na kukata mwendo wao wa mechi 49 bila kupoteza, ni ya nani leo? Watu wa Ubaruku, kule Mbarali, waliokuwepo uwanjani wanaijua. Karatasi inaonyesha kitu kingine. Klabu isiyo na kumbukumbu zake mkononi haina cha kushika siku mwenye fedha anapofika na jina jipya mfukoni.

Na kama hilo nalo ni la wenye hisia, basi tuzungumze fedha taslimu, maana hapa ndipo nilipo na uchungu.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kitu kinachoitwa mgao wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea, kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi msimu aliotimiza miaka 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 hupata asilimia 5 ya mgao huo. Kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata asilimia 10. Kanuni haisemi klabu iwe kubwa. Klabu ya ridhaa iliyosajiliwa na shirikisho la nchi yake nayo imo.

Tuseme kijana wa Chang'ombe amechezea klabu ya mtaa tangu miaka 13 hadi 15, amepanda, ametoka nje, na siku moja ameuzwa kwa dola 200,000, ambazo Ulaya si fedha ya kuandikwa gazetini. Mgao ni dola 10,000. Miaka yetu mitatu, kila mmoja asilimia 5, inatupa dola 1,500, zaidi ya shilingi milioni tatu. Hizo ni jezi za wakubwa na za watoto, mipira, nauli za msimu mzima wa ligi ya wilaya, ada ya waamuzi, na hata kamati ya ufundi ingepata chake. Tena akiuzwa mara ya pili tunapata mara ya pili.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia chombo cha FIFA kilichoko Paris. Chombo hicho hakimuulizi kocha wala muuza mihogo wa pembeni ya uwanja. Kinasoma pasipoti ya mchezaji: orodha ya klabu alizosajiliwa, mwaka kwa mwaka, kama shirikisho la nchi linavyothibitisha. Msimu usiokuwa kwenye orodha ni sawa na msimu ambao hukumlea.

Tuliwahi kuulizwa na klabu moja, nayo sitaitaja, kama kijana fulani aliwahi kusajiliwa kwetu. Mtaa mzima unajua alikuwa wetu. Mama yake alikuwa akija kumtoa mazoezini kwa fimbo. Tulichoweza kuonyesha ni picha moja: amebeba ndoo ya maji, amevaa jezi namba 14 iliyomfika magotini, anacheka na jua. Fomu yake ilijazwa, picha mbili za pasipoti zilipigwa, ada ililipwa. Ilipelekwa wilayani na mtu kwa baiskeli. Baada ya hapo hakuna ajuaye. Barua ya pili kutoka klabu ile haikuja.

Kwa hiyo, viongozi wa DOREFA, mkisikia klabu za mtaani zinalialia hazina fedha, jueni kuna fedha nyingine zinapotea kwa kukosa karatasi tu. Mfumo wa usajili wa kompyuta umeanza kusaidia huko juu. Lakini ngazi zetu ni ndefu: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Mtoto wa miaka 13 analelewa chini kabisa, na huko chini bado fomu inasafiri kwenye bahasha ya kaki.

Mkianza, msiwasahau wasichana. Timu za wanawake za Dodoma ni changa kuliko zetu na tayari zina makubwa ya kusimulia. Wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF huko Durban mwaka 2023. Baobab Queens wamecheza ligi kuu ya wanawake. Wao bado hawajafikia hatua ya kubishana nani alianzisha. Waandikieni mapema.

Kuhusu namna ya kufanya, nina machache, mengine mtayajua wenyewe.

Madaftari yasichukuliwe. Hili ni la msingi kuliko yote. Mtu akifika kwa mjane wa katibu akasema "nimetumwa na Jiji nichukue daftari", mlango utafungwa, na hata mimi ningeufunga. Dodoma watu wamezoea kwamba anayekuja na karatasi za Jiji amekuja kuhusu kiwanja. Aende na skana yake, akae sebuleni, anywe chai, anakili mbele ya mwenye mali, aache daftari pale pale na nakala juu yake. Aende na mtu wa mtaani anayejulikana. Na akiwa wa kutoka mbali ajifunze angalau "mbukwa" na namna ya kuiitikia. Wazee wetu wa Kigogo wakisalimiwa vizuri hawana mbio ya kukuaga.

Asiishie kwa viongozi. Viongozi wa zamani wana tabia ya kukumbuka ushindi na kusahau madeni. Awatafute waamuzi wastaafu na washika vibendera, wanaokumbuka nani alipigana. Awatafute kina mama waliopika kambini. Amtafute fundi viatu aliyekuwa akishona mipira ya ngozi. Yupo mmoja ninayemfahamu mimi, ambaye amehifadhi kichwani orodha ya timu za mji huu kwa mpangilio wa madeni: nani alilipa, nani aliondoka na mpira akasema atarudi. Ukimuuliza timu fulani ilikufa mwaka gani, anakwambia ilikufa ikiwa inadaiwa naye kushona mipira miwili, na hapo anaanza kuhesabu tangu mtoto wake yupi alipokuwa darasa la ngapi. Nilimwamini kuliko mhuri.

Viwanja vya mtaani vipigwe picha na kuwekwa kwenye ramani, vilivyopo na vilivyokufa. Vilivyopo viandikwe kuwa ni vya wazi, vipewe hati, mambo yaishe. Hilo peke yake linahitaji barua yake na mimi leo sina nguvu nalo.

Chumba chenyewe kiwe wapi? Uwanja wa Jamhuri ni mali ya CCM, una mwenyewe. Lakini uwanja mkubwa wa Dodoma umezungumzwa tangu Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipokuja nchini Oktoba 2016 na kuahidi kuujenga. Katika michoro ya viwanja vya siku hizi kuna vyumba vya wageni mashuhuri, vya waandishi na vya kupimia dawa za kuongeza nguvu. Kiongezwe kimoja cha klabu za Dodoma. Hata kikiwa chini ya ngazi. Na kama uwanja utachelewa, shelfu moja kwenye ofisi ya afisa michezo inatosha kuanzia, ilimradi ofisi ikihama shelfu iandikwe kwenye hati ya makabidhiano.

Msajili, kwako ni dogo. Tunaomba orodha ya klabu zote za Mkoa wa Dodoma zilizowahi kuandikishwa, hai na mfu, na mwaka wa kuandikishwa, ibandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma bila kuandika barua ya maombi. Orodha hiyo pekee ingemaliza ugomvi wa mtaa wetu, au ingeupa sura mpya.

Tunaomba kazi ianze kiangazi hiki. Mvua zetu zinaingia Desemba, na nyumba nyingi zenye madaftari haya zina mabati ya siku nyingi. Katibu wetu wa kwanza, au wa pili kutegemea unamuuliza nani, hatembei tena bila kushikwa, lakini kumbukumbu yake bado ni kali asubuhi. Mchana amechoka, na baada ya swala ya alasiri hapendi wageni. Mtakayemtuma aje kabla ya saa nne.

Kaunta buku yetu iko tayari kunakiliwa. Pande zote mbili zimekubali, kwa sharti moja: ifunguliwe siku ambayo wote wapo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kurasa zenye "K/Ufundi" zinakiliwe lakini zisisomwe kwa sauti.

Naomba kuwasilisha.

Mwanachama,
Chang'ombe, Dodoma.

Nakala: Afisa Michezo wa Jiji, Afisa Michezo wa Mkoa, makatibu wote wawili.